Kisingizio cha Watazamaji: Waasia katika Sinema ya Mwanzo ya Marekani

Mwaka 1894, wakati picha zinazotembea zilikuwa bado zinatazamwa na mtu mmoja mmoja kwa kuchungulia ndani ya sanduku, kampuni ya Thomas Edison ilipiga kule West Orange, New Jersey, kipande cha sekunde chache kinachomwonesha dobi wa Kichina akifukuzana na polisi wa Kiayalandi. Kichekesho chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya kamera. Kilitolewa kwenye kumbi za maonyesho ya jukwaani, ambako dobi wa Kichina alikwisha kuwa mhusika wa kudumu ambaye watu walimcheka kabla hajafanya lolote. Sinema ya Marekani ilipozaliwa, basi, ilimkuta Mwasia amekwisha kutengenezwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kumhamisha tu.

Maandishi mengi kuhusu jambo hili hukomea hapo hapo: huzikusanya kejeli, huzipanga kwa miaka, kisha hutoa hukumu kwamba watu wa zamani walikuwa wabaguzi. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haitufikishi mbali, kwa sababu inaufanya ubaguzi uonekane kama hali ya hewa, yaani kitu kilichokuwapo tu bila mtu yeyote kukiamua. Ninachotaka kukichunguza hapa ni sababu ambayo wakuu wa studio waliitegemea kila walipomnyima mwigizaji wa Kiasia nafasi kuu, kwamba watazamaji wasingemkubali. Sababu hiyo imerudiwa mno, hata na wale wanaozilaumu studio, kana kwamba ilikuwa kweli ya kibiashara ya enzi hizo. Historia ya sinema yenyewe inaonesha kwamba haikuwa kweli, na kwamba waliokuwa wakiitoa walikuwa na kila nafasi ya kujua hivyo.

Nitawazungumzia hasa Wachina na Wajapani, maana ndio waliokuwa wengi zaidi katika pwani ya magharibi ya Marekani, na ndio waliolengwa na sheria. Sheria ya mwaka 1882 ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini, na haikufutwa mpaka mwaka 1943. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Takao Ozawa, kwamba Mjapani hawezi kupewa uraia, na miaka miwili baadaye sheria mpya ya uhamiaji ikaufunga karibu kabisa mlango wa Waasia. Huko California, ambako filamu zenyewe zilikuwa zikitengenezwa, ndoa kati ya mtu mweupe na mtu wa asili ya Kichina au Kijapani ilikuwa haramu kisheria hadi mwaka 1948. Mambo haya yashikwe akilini, kwa kuwa yataeleza baadaye kwa nini wahusika wengi wa Kiasia hufa kabla filamu haijaisha.

Tuanze na mwaka 1915. Desemba ya mwaka huo ilitoka filamu ya Cecil B. DeMille iitwayo The Cheat. Mke wa tajiri mmoja wa Long Island anachukua dola 10,000 za mfuko wa Msalaba Mwekundu, anaziweka kwenye hisa, na zinapotea. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu, Mjapani aitwaye Tori, anamkopesha fedha kwa masharti ambayo mtazamaji anayaelewa bila kuambiwa. Mke huyo anapotaka kurudisha fedha badala ya kutimiza ahadi, Tori anamshika na kumpiga chapa begani kwa chuma cha moto, chapa ile ile anayoitumia kutia alama mali zake. Mwanamke anampiga risasi na kumjeruhi, mume anajitwika kosa, na mahakamani mke anafunua bega lake mbele ya baraza, umati unamvamia Tori, na mambo yanaishia hapo.

Ukiielezea hivyo, ni filamu ya chuki tupu, na Wajapani wa Los Angeles waliipokea hivyo. Gazeti lao, Rafu Shimpo, liliipinga vikali. Lakini lilitokea jambo ambalo DeMille hakulipanga. Tori aliigizwa na Sessue Hayakawa, kijana aliyezaliwa mkoa wa Chiba, Japani, na watazamaji hawakuweza kumwondolea macho. Waigizaji wenzake walikuwa bado wanaigiza kwa mtindo wa jukwaani, mikono hewani na macho yamekodolewa, wakati yeye alikaa kimya mbele ya kamera na kuacha uso ufanye kazi kidogo kidogo. Katika tukio la mwanzo anaonekana gizani, akimulikwa na makaa tu, akiichoma chapa yake kwenye kitu kidogo kwa utulivu wa mtu anayesaini barua. Hana papara wala hakunji uso, na hilo linatisha kuliko ukelele wowote. Ufaransa ilimshangilia, mwandishi Colette akiwa miongoni mwa waliomsifu kwa kalamu. Marekani yenyewe, yenye sheria zote nilizozitaja, ilimfanya nyota.

Sisemi alipendwa kwa usawa. Sehemu ya mvuto wake ilikuwa ule uharamu wenyewe, na katika filamu nyingi alizofanya baadaye alikuwa mtu anayempenda mwanamke mweupe kisha anajitoa, au anakufa, ili mwanamke huyo aolewe na wa kwao. Hata hivyo, kwa hesabu ya biashara tu, ambayo ndiyo hesabu ambayo studio zilidai kuifuata, jambo liko wazi: alikuwa miongoni mwa waigizaji waliolipwa vizuri zaidi Hollywood, na jina lake kwenye tangazo lilitosha kuuza tiketi. Mwaka 1918 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Haworth Pictures, kwa sababu alichoshwa na nafasi alizokuwa akipewa.

Mwaka huo huo wa 1918 The Cheat ilirudishwa tena kwenye majumba ya sinema, na hapa kuna kisa kidogo ambacho kwangu kina uzito kuliko vitabu vizima vya nadharia. Japani wakati huo ilikuwa upande mmoja na Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo haikufaa kumwonesha Mjapani akichoma wanawake kwa chuma. Studio haikupiga upya hata tukio moja. Ilibadilisha maandishi yanayosomwa kati ya picha na picha, na yule Tori akawa Haka Arakau, mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Kimono ni kile kile, milango ya karatasi ni ile ile, chapa ni ile ile. Burma ilikuwa chini ya Waingereza, haikuwa na balozi wa kwenda Washington kulalamika, wala haikuwa na gazeti lake Los Angeles. Ndipo unapoona kwamba mhusika huyo hakuwa na nchi tangu mwanzo. Alikuwa nafasi tupu iliyosubiri jina la taifa lisilo na mtetezi.

Haworth ilitoa filamu kadhaa ndani ya miaka michache, na mojawapo, The Dragon Painter ya mwaka 1919, imesalia mpaka leo. Hayakawa anaigiza mchoraji wa milimani anayeamini kwamba mchumba wake ni binti mfalme aliyegeuzwa joka, na mkewe wa kweli, Tsuru Aoki, anaigiza binti wa bwana mkubwa wa uchoraji anayetafuta mrithi. Milima ya Japani tunayoiona ni bonde la Yosemite, California. Hakuna Mzungu wa kuokolewa wala wa kuogopwa ndani ya hadithi hiyo; watu wanapendana, wanagombana, wanaharibu kazi na kuitengeneza tena, na wapenzi wanabaki hai. Lakini hata humo yule bwana mkubwa wa uchoraji aliigizwa na Edward Peil, mwigizaji mweupe aliyepambwa afanane na Mjapani, tena akiwa amesimama kati ya Wajapani wawili wa kweli. Sijui mtazamaji wa leo anawezaje kuiangalia familia hiyo bila kutabasamu.

Mwaka 1919 pia D. W. Griffith alitoa Broken Blossoms, ambayo wahakiki wengi wameisifu kwa huruma yake. Mchina wake, Cheng Huan, ni mpole kupita kiasi: anatoka kwao kwenda kuwahubiria Wazungu amani, anaishia kuwa muuza duka mvuta kasumba katika mtaa wa maskini wa London, na anampa hifadhi msichana anayepigwa na baba yake. Kuna wakati anaukaribisha uso wake kwenye uso wa msichana, kamera inakaribia, na kila mtu ukumbini anajua kinachofuata. Hakifuati. Anasita, anarudi nyuma, na kubusu pindo la mkono wa nguo. Mwisho wote watatu, baba, binti na Mchina, wamekufa. Aliyemwigiza Cheng Huan alikuwa Richard Barthelmess, Mmarekani mweupe aliyetembea amejikunja na macho yamefumbwa nusu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa Hayakawa alikwisha kuwa nyota, Griffith alikosa nini? Hakukosa mwigizaji. Jibu langu ni kwamba huruma yake ilikuwa na sharti: mtazamaji aweze kumlilia Mchina huku akijua kwamba msichana mweupe hajaguswa na Mchina wa kweli.

Hayakawa aliondoka Hollywood mwaka 1922, mwaka wa hukumu ya Ozawa, chuki dhidi ya Wajapani ikiwa imepamba moto California. Mwaka huo huo msichana wa miaka 17 alipewa nafasi kuu katika The Toll of the Sea, mojawapo ya filamu za kwanza za rangi za kampuni ya Technicolor. Huyu ni Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1905 katika familia yenye duka la dobi. Anaigiza binti wa Kichina anayemwokoa Mmarekani ufukweni, anaolewa naye kwa desturi za kwao, anaachwa, kisha anamkabidhi mtoto wake kwa mke mweupe wa mwanamume huyo na kujitupa baharini. Ni hadithi ya Madame Butterfly, opera maarufu ya Mjapani anayeachwa na mume Mmarekani, iliyohamishwa kutoka Japani kwenda China, na haina jipya hata moja isipokuwa yeye. Machozi yake hayafanani na ya kuigiza. Wakosoaji wa wakati huo walimsifu, na filamu ilipata fedha.

Hapa kisingizio kinazidi kudhoofika. Wong alikuwa Mmarekani kwa kuzaliwa, akizungumza Kiingereza cha California ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa. Hata hivyo, kwa sababu ya sheria ya kuwazuia Wachina, ilimbidi awe na cheti cha utambulisho, alichopewa mwaka 1924, ili akisafiri nje aruhusiwe kurudi nyumbani kwao. Serikali ilimtaka athibitishe uraia wake, na studio zilimtaka athibitishe ugeni wake. Alipewa kuigiza vijakazi, wacheza dansi na wasaliti, na walipokosa nafasi nyingine walimwua ndani ya hadithi. Mwaka 1928 alihamia Ulaya, akafanya filamu Ujerumani na Uingereza, na alipotokea katika Piccadilly ya mwaka 1929 alimfunika nyota mkuu wa filamu hiyo kiasi kwamba leo watu wanaikumbuka kama filamu yake.

Aliporudi, Paramount ilimpa Daughter of the Dragon ya mwaka 1931, pamoja na Hayakawa, ambaye naye alikuwa amerudi. Hebu tuzitazame fedha. Wong, ambaye filamu nzima inamzunguka, alilipwa dola 6,000. Hayakawa alilipwa 10,000. Warner Oland, Mswidi aliyemwigiza Fu Manchu, yule Mchina mwovu wa riwaya, baba wa mhusika wa Wong, na ambaye anakufa mapema na kutoweka, alilipwa dola 12,000. Wakati mwingine hoja nzima hukaa kwenye karatasi ya malipo.

Oland huyo huyo ndiye anayetupa ushahidi ulio bora kuliko wote, na unahusu taswira nzuri, si mbaya. Mpelelezi Charlie Chan wa Honolulu alibuniwa na mwandishi Earl Derr Biggers katika miaka ya 1920 kwa kusudi la kuvunja sura ya Mchina mwovu. Chan ni mwerevu, mstaarabu, ana familia kubwa, na yuko upande wa sheria. Katika filamu ya kwanza ya hadithi zake, mwaka 1926, aliigizwa na George Kuwa, Mjapani. Katika ya pili, mwaka 1927, aliigizwa na Sojin Kamiyama, naye Mjapani. Katika ya tatu, mwaka 1929, aliigizwa na E. L. Park. Katika filamu hizo Chan alikuwa mhusika mdogo, anayeingia na kutoka. Mwaka 1931 kampuni ya Fox iliamua kumfanya kiini cha hadithi, na papo hapo nafasi ikaenda kwa Oland, aliyeendelea nayo katika filamu 16 hadi alipofariki mwaka 1938. Alipokufa ikarithiwa na Sidney Toler, mweupe mwingine.

Hatuna haja ya kubahatisha nia za watu waliokwisha kufa. Mhusika ni mmoja, tabia zake ni zile zile. Kilichobadilika ni ukubwa wa nafasi tu. Ilipokuwa ndogo, Mwasia alifaa. Ilipokuwa kubwa, hakufaa tena. Wale wanaosema kwamba Waasia walikataliwa kwa sababu ya lafudhi baada ya filamu kuanza kutoa sauti wanapaswa kumsikiliza Oland, ambaye Uswidi yake haikumtoka ulimini, na ambaye Wamarekani walidhani hivyo ndivyo Mchina anavyosema. Waigizaji Wachina walikuwamo ndani ya filamu hizo hizo: Keye Luke, aliyemwigiza mwana mkubwa wa Chan, alikuwa kijana mchangamfu wa kisasa aliyependwa na watazamaji, na alisimama hatua moja tu kutoka kwenye kiti ambacho hakuruhusiwa kukikalia. Kwa uadilifu niongeze kwamba Oland alipotembelea Shanghai mwaka 1936 alipokewa kwa furaha, na Wachina wakatengeneza filamu zao za Chan. Watu waliochoka kuoneshwa kama majambazi humfurahia mpelelezi, hata akiwa wa kuazima. Furaha hiyo haiibadilishi karatasi ya malipo.

Kilele kilifika na The Good Earth ya kampuni ya MGM, iliyotoka mwaka 1937 kutokana na riwaya ya Pearl S. Buck. Nia ilikuwa njema kwa kiwango cha Hollywood. Studio ilileta kutoka China majembe, magurudumu ya kupandishia maji na vyombo vya nyumbani, ikachonga mashamba ya ngazi kwenye vilima vya California, na kuajiri mamia ya Wachina kujaza matukio ya umati. Kisha mkulima Wang Lung akapewa Paul Muni, na mkewe O-Lan akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Wong, ambaye magazeti na marafiki walikuwa wakimtaja kwa nafasi ya O-Lan, alijaribiwa kwa nafasi ya Lotus, hawara anayeivuruga familia, ambayo mwishowe ilikwenda kwa Tilly Losch, mcheza dansi kutoka Austria. Rainer alipata Oscar. Jembe lilitakiwa liwe la kweli na anayelishika asiwe wa kweli.

Watetezi wa studio huelekeza kidole kwenye kanuni za maadili za filamu za mwaka 1930, zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia mwaka 1934, kwamba kwa kuwa Muni alikuwa mweupe, mkewe hakuweza kuwa Mchina. Kanuni hiyo, ukiisoma, ilitaja uhusiano wa kimapenzi kati ya watu weupe na weusi. Ni studio na wakaguzi walioinyoosha ikawafikia Waasia. Na hata tukiikubali ilivyotumika, ilitoa njia mbili: wote wawili wawe weupe, au wote wawili wawe Wachina. Uamuzi ulifanyika kwa Muni kwanza, na mlango wa Wong ukafungwa na uamuzi huo, si na kanuni.

Wapo ambao hawakusubiri mlango. Mwaka 1916, kule Oakland, Marion Wong, binti wa miaka ya mwanzo ya 20, alianzisha kampuni ya Mandarin, akaandika na kuongoza The Curse of Quon Gwon, na kuwapanga ndugu zake mbele ya kamera, wifi yake Violet akiwa mhusika mkuu. Alishindwa kupata msambazaji, na kampuni ikafa. Familia iliyahifadhi makasha ya filamu, na mwaka 2006 sehemu zilizobaki ziliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu ya Marekani. Maandishi ya kati ya picha yamepotea, hivyo hadithi haifuatiliki vizuri, lakini maandalizi ya harusi, mavazi na mizaha ya wanawake ndani ya nyumba vinaonekana bila mtu wa nje wa kutufafanulia. Filamu hiyo haikukataliwa na watazamaji, kwa sababu haikupata kuwafikia. Iliishia kwa wasambazaji.

Ikiwa bado yupo anayeshikilia kwamba Wamarekani wa wakati huo wasingekaa kumtazama Mwasia akibeba filamu nzima, amfikirie Merle Oberon. Alizaliwa Bombay mwaka 1911 katika familia yenye damu ya Kiasia na ya Kizungu, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa The Dark Angel ya mwaka 1935. Alipendwa, alibusiwa kwenye filamu na wanaume weupe waliokuwa nyota wa juu, na sinema zilijaa. Watu waliomtangaza walikuwa wamesema kwamba amezaliwa Tasmania, na watazamaji, waliodaiwa kuwa na jicho kali namna ile, hawakugundua chochote.